Leo na Siku Zote

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu kaniamuru niandike. Jana nilimpigia simu kila baada ya kitambo kumwambia mawingu yamekaa vibaya, naye yuko kwenye mteremko na lori lenye tela. Mwishowe akasema, "Mke wangu, hofu zako ziandike. Nikirudi nitazisoma zote kwa mpigo. Ila usinipigie nikiwa kwenye kona." Basi nimechukua daftari langu la vipimo vya wateja, nikaligeuza kichwa chini, nikaanzia nyuma. Upande ule mna viuno na mabega ya watu. Upande huu mtakuwa na hofu zangu, azisome mpaka achoke.

Hofu yenyewe ni ukuta. Nyumba yetu imekaa chini ya kiwanja cha jirani, na udongo wake umezuiwa na ukuta mrefu wa mawe. Kati ya ukuta na nyumba kuna kiua chembamba chenye jiko, bafu, na chumba cha uani anacholala mama mkwe wangu. Ukuta huo umeota tumbo. Mwaka jana haukuwa nalo. Nikiwaonyesha watu wanasema ni macho yangu, eti fundi cherehani kila kitu anakiona kimepinda.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Mama mkwe kaingia mbio na nguo alizoanua, anahema. "Mungu ashukuriwe! Zilikuwa zimeshakauka." Na binti yangu Chiriku, kutoka chooni kabisa: "Leo na siku zote!"

Ndivyo walivyo watu wa nyumba hii. Mmoja akishukuru, aliye karibu anaitikia. Marehemu baba mkwe ndiye aliyewazoesha, na mume wangu huitikia hata akiwa na mswaki mdomoni. Kwetu nilikozaliwa tulimshukuru Mungu kwa mambo makubwa, tena kwa sauti ya adabu. Huyu mama hana dogo. Kiberiti kimewaka kwa njiti ya kwanza, anashukuru. Kifuniko cha sufuria kimeonekana, anashukuru. Kajikwaa hakuanguka, anashukuru. Kuna siku alimshukuru Mungu kwa sababu nzi katoka dirishani bila kufukuzwa. Mimi siitikii. Nasema "mh" na kuendelea kushona.

Jumapili, 9 Machi

Mchana mama mkwe alijinyoosha kwenye mkeka wa sebuleni, usingizi ukampitia, akaanza kukoroma. Chiriku akamwinamia sikioni. "Mungu ashukuriwe!" Mkoromo ukakatika. "Leo na siku zote," akasema mama, macho yamefumba, kisha mkoromo ukaendelea pale pale ulipoishia. Chiriku akarudia, akajibiwa. Akarudia tena, akajibiwa tena. Nilicheka mpaka nikajichoma na sindano. Nikamkemea aache kumchezea bibi yake, lakini nani atamwogopa mama anayekemea huku anacheka?

Alhamisi, 13 Machi

Ufa. Umeanzia juu ya ukuta na kushuka mpaka usawa wa dirisha la chumba cha mama. Ncha ya mkasi inaingia.

Mume wangu aliwahi kunieleza jinsi ya kujua kama ufa unatembea: bandika karatasi juu yake, ikichanika ujue umetembea. Nikakata kipande cha karatasi ninayokatia pateni za nguo, nikakibandika kwa uji mzito, nikakifunika na nailoni kisilowe. Mama akatoka akasimama nyuma yangu.

"Unautia kiraka?"

"Naupima, mama."

"Mungu ashukuriwe kwa kutupa macho ya kuuona."

Nikasema mh.

Ijumaa, 14 Machi

Karatasi nzima.

Jumamosi, 15 Machi

Nzima. Mvua asubuhi, mvua jioni.

Jumanne, 18 Machi

Nzima. Nimeanza kujiona mwehu. Nikiamka, kabla ya kunawa uso, naenda kutazama karatasi. Chiriku naye ananiiga, anasimama na mikono kiunoni na kutikisa kichwa kama muashi mzee.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepanda kwa jirani wa juu. Ni kinyozi, ana kibanda chake mbele ya nyumba. Sisi tunamwita Bwana Kesho, na nadhani anajua. Mfereji wa paa lake unamwaga maji yote nyuma ya ukuta, na maji hayo ndiyo yanayousukuma kutujia. Nilimkuta kashika wembe, mteja ana povu mpaka masikioni.

"Shemeji! Karibu. Kesho, kwa hilo la mtaro. Kesho asubuhi na mapema nachimba, maji yote yanakwenda pembeni."

"Kesho ipi, jirani? Hiyo ya mwaka juzi?"

Akacheka, mteja naye akacheka na povu lake. "Mama hajambo? Mwambie shikamoo yake naileta kesho."

Ala! Hata salamu ya mtu mzima anaiwekea kesho. Nimeshuka nikiwa nimenuna mpaka mlangoni.

Jumanne, 25 Machi

Imechanika.

Sio kulowa, sio panya. Imechanika katikati, vipande viwili vimeachana, na nailoni juu yake nzima. Nilisimama pale na mswaki mkononi. Nilimpigia mume wangu, kona au si kona. Kumbe hata yeye kakwama, daraja mbele yake limefunikwa na maji, malori yamepanga mstari. Akasema, "Mtoe mama chumbani. Leo hii. Mimi nikipata njia nakuja."

Nikamwita muashi. Akaugonga ukuta kwa mpini wa nyundo huku na huku, sikio kalitega. Sura yake haikunipendeza. "Huu haushikwi sasa," akasema. "Udongo ukiwa umelowa hivi, ukigusa jiwe moja umeuita. Tokeni upande wa nyuma. Mvua ikikata, niiteni."

"Ukuta utasimama mpaka mvua ikate?"

"Mama, mimi muashi. Sio mtabiri."

Kazi ikawa kumtoa mama. Alishika fremu ya mlango. "Chumba hiki kakijenga marehemu kwa mikono yake."

"Marehemu kajenga chumba, mama. Ukuta hakuujenga yeye."

Akafikiri, akaona nina hoja. Tumehamisha godoro jembamba, nguo na picha ya marehemu. Kitanda cha mninga kimetushinda, tumekiacha na kabati lake. Mama alipofika sebuleni akatazama dari. "Mungu ashukuriwe, huku hakuvuji." Chiriku akaitikia. Mimi nilikuwa nafunga mlango wa nyuma kwa kamba, fundo juu ya fundo.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepiga marufuku kiua. Jikoni mtu anazunguka kwa uchochoro wa pembeni, anainjika na kutoka. Tunaoga harakaharaka, Chiriku anaimba ili nijue bado yupo. Nikisikia jiwe limedondoka naacha kushona na kumwita kila mtu kwa jina.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimebandika karatasi mpya jana. Leo imechanika.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefanya jambo baya leo, na naliandika ili mume wangu alisome kwangu kabla hajalisikia kwa mtoto.

Nina mashati ya sare ya kumaliza, shule inayataka kabla ya kufunga. Cherehani iko sebuleni, na sasa mama naye yuko sebuleni, mchana kutwa. Usiku silali kwa kusikiliza ukuta. Mchana nasikiliza shukrani. Chai imekuwa tamu, Mungu ashukuriwe. Mvua imepungua, Mungu ashukuriwe. Mvua imeongezeka lakini tuko ndani, Mungu ashukuriwe. Masikio yangu yako uani, nataka nisikie jiwe likitikisika, na sisikii kwa sababu ya Mungu ashukuriwe.

Mara naliinua shati nililolimaliza, naona nimelitia mikono miwili ya kushoto. Miwili! Kazi ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Na hapo hapo mama, aliyekuwa anatafuta mkasi: "Ee, huu hapa chini ya kitambaa. Mungu ashukuriwe!"

Nikapasuka. "Mama, nakuomba! Mshukuru kimoyomoyo! Mungu si kiziwi! Mimi nashindwa kusikia ukuta, nashindwa kushona, nashindwa hata kuogopa vizuri!"

Mama akabaki na mkasi mkononi. Chiriku akanitazama kana kwamba nimemtupia bibi yake kiatu.

"Haya, mwanangu," akasema mama taratibu. "Umechoka. Nitanyamaza."

Akanipa mkasi, upande wa mpini, kama anavyofanya siku zote. Nikafumua mikono.

Jumatatu, 7 Aprili

Kanyamaza kweli. Leo kiberiti kimewaka kwa njiti ya kwanza, nikamwona anafungua kinywa, akanitazama, akakifunga.

Sikujua kama nitaandika hivi: kimya chake kinanitisha. Miaka yote hii nilijua mama yuko wapi bila kutazama. Shukrani ya maji, yuko bafuni. Shukrani ya moto, yuko jikoni. Shukrani ya viatu, anatoka. Sasa nageuka namkuta nyuma yangu, au nageuka simkuti, nainuka kumtafuta.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo nilimtafuta nikamkosa. Alirudi kandambili zimejaa tope jekundu. "Nilikuwa jikoni, mwanangu." Nikamwambia jikoni ni kuinjika na kutoka. Akasema ndiyo, nimetoka.

Nilitaka kumwambia basi, mama, shukuru unavyotaka, nilikuwa na hasira. Maneno yalifika mdomoni. Lakini mteja akaingia kupima suruali, na nikajiambia nitamwambia baadaye. Namcheka Bwana Kesho bure.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Tumbo la ukuta linaonekana sasa hata na asiyejua kushona.

Alhamisi, 17 Aprili

Jana sikuandika. Naandika kwenye benchi la hospitali, daftari lilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu, pembe zake zimelowa.

Jana mchana Chiriku alikuwa shuleni. Mvua ilikuwa ile ya kunyooka, isiyo na upepo, inayoonekana haina nia mbaya. Nilikuwa natia vifungo. Mama akasema, "Nainjika chai," nikasema haya bila kuinua kichwa. Baada ya kitambo cherehani ikatikisika chini ya mikono yangu, na mimi sijakanyaga. Mlio ulikuja nyuma yake. Ulikuwa mlio mzito, mfupi, kisha bati zikaanza kulia moja moja.

Nilikata ile kamba ya mlango wa nyuma kwa mkasi, nikavuta, udongo ukaingia ndani mpaka magotini kwangu. Nikazunguka kwa uchochoro wa pembeni. Kiua hakikuwepo. Kulikuwa na mawe, tope, mbao, na bati za jiko zimekunjwa. Chumba cha uani kilikuwa kimelala, paa lake limeshuka chini likiwa zima upande mmoja. Niliita mama. Niliita mpaka sauti ikakatika, na hakuna kilichonijibu ila mvua juu ya bati.

Wa kwanza kufika alikuwa Bwana Kesho. Kashuka kwa matako kwenye tope kutoka juu, amevaa aproni yake ya kinyozi ina nywele za mteja. Hakusema kesho. Alisema, "Alikuwa wapi?"

"Jikoni. Kasema anainjika chai."

Akaanza kuchimba jikoni kwa mikono. Wakaja wengine na sepetu, fundi viatu, wauza duka, mteja mwenye kichwa kilichonyolewa nusu. Walichimba kwa nguvu, na kila walichokitoa walikitupa upande wa kushoto, juu ya bati za chumba cha uani, kwa sababu hakukuwa na mtu humo. Kila mtu alijua tumehama humo. Mimi mwenyewe nilibeba mawe na kuyatupa pale. Naandika tena: mimi mwenyewe, kwa mikono hii.

Wakafika kwenye jiko. Birika lilikuwepo, limebonyea, moto haujawashwa. Mama hakuwepo. Bwana Kesho akainuka akanitazama, tope limemganda mpaka kwenye kope. "Shemeji, hapa hayupo."

Mmoja akasema labda bafuni. Mwingine akasema labda katoka, yuko kwa majirani, tunajiua bure. Kipande cha ukuta kilichobaki juu yetu kikaangusha kijiwe, kikaruka mpaka miguuni pangu, na watu wakarudi nyuma. Mtu akanishika mkono. "Dada, tutoke. Hicho nacho kinakuja. Wenye mashine wameitwa."

Sijawahi kuogopa hivyo. Niliogopa ukuta, na niliogopa zaidi kutoka. Wote wanapiga kelele, huku, kule, bafuni, sio bafuni, na mimi najua kwamba mama akiwa hai humo anaweza kuwa hajitambui, na asiyejitambua haitikii jina lake. Ndipo nikaona, wazi kabisa, mkeka wa sebuleni na Chiriku kainama.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Nyamazeni wote!"

Wakanyamaza. Nikapiga magoti kwenye tope. Nilitaka kulisema lile neno na ulimi ukagoma. Nimshukuru kwa lipi? Mbele yangu kuna kifusi, juu yangu kuna mawe, na mwenye kushukuru ndiye aliyefukiwa.

"Mungu ashukuriwe," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, yenye aibu.

Hakuna kitu.

"Sauti, shemeji," akasema Bwana Kesho. Sijui kama alielewa nafanya nini. Nadhani alinionea huruma tu.

"Mungu ashukuriwe, mtoto yuko shule!"

Mvua.

"Mungu ashukuriwe, kiberiti kimewaka! Mungu ashukuriwe, mkasi umeonekana chini ya kitambaa!" Watu walikuwa wananiangalia, mmoja akaweka mkono mdomoni. Sikujali. Nilikuwa nalia na kutaja kila nilichokisikia kwa miaka yote niliyosema mh. Nguo zilizokauka, kifuniko cha sufuria, nzi wa dirishani. "Mungu ashukuriwe, ile mikono miwili ya kushoto niliiona kabla shati halijaondoka! Mungu ashukuriwe, ulinipa mama, nami nikamnyamazisha! Mungu ashukuriwe! Mungu ashukuriwe!"

Na hapo, kutoka kushoto, chini ya lundo tulilolitupa sisi wenyewe, sauti ya mtu aliye mbali kwenye usingizi ikasema:

"Leo na siku zote."

Bwana Kesho alikuwa ameweka goti lake juu ya bati hizo. Aliruka. "Yuko hapa! Shukeni! Mtu asikanyage bati!" Sepetu zikawekwa chini. Tuliondoa jiwe kwa jiwe, kwa mikono, tukipokezana, huku kile kijiukuta kikitudondoshea vijiwe mgongoni. Mimi nilikuwa nashukuru muda wote, na yeye anaitikia. Jibu likichelewa watu wote wanaacha kazi na kunitazama, nami narudia kwa sauti zaidi, mpaka lije. Kuna moja lilichelewa sana. Sitaliandika hilo.

Bati zilipoinuliwa tukamwona. Kitanda cha mninga kimelibeba kabati, kabati limelibeba paa, naye yuko katika nafasi iliyobaki, kapiga magoti, kifua na uso juu ya kitanda kitupu, mguu mmoja chini ya mawe. Bwana Kesho alimbeba mwenyewe mpaka barabarani. Alikuwa analia hadharani, bila hata kujifuta.

Chiriku kachukuliwa shuleni na mke wa fundi viatu. Mume wangu kapata njia, yuko barabarani. Daktari kasema mguu umevunjika, mbavu zimeumia, kichwa wanakiangalia. "Kesho tutajua," kasema. Hata hapa neno hilo limenifuata.

Ijumaa, 18 Aprili

Analala. Nakaa karibu na kumsikiliza pumzi.

Jumapili, 20 Aprili

Mama kaamka vizuri leo, kanijua, kamjua mwanawe. Mume wangu kafika jana na tope la njia nzima. Alilisoma daftari hili akiwa amesimama, na alipofika kwenye tarehe 17 akakaa chini. Alinishika kichwa tu.

Nilipobaki peke yangu na mama nikamuuliza, ingawa nililijua jibu. "Mama, ulifuata nini kule chumbani?"

Akaona haya kidogo. "Nilijaribu kimoyomoyo, mwanangu. Siwezi. Nikishukuru kimoyomoyo nasahau nilikuwa nashukuru nini. Nikaona niwe nachepuka kule kidogo, nisikusumbue. Kiberiti kilikuwa kimekataa kuwaka, kimelowa. Nikasema nikaseme yangu kwanza, kisha nije kuomba kiberiti kwako."

Hakulisema kwa lawama, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilipiga magoti pale wodini, nikamwomba msamaha, wagonjwa wote wanasikia. Akanipapasa kichwani.

"Ulikuwa umechoka. Hata mimi najua nina makelele."

"Unakumbuka nini, mama?"

"Nilikuwa nimelala. Nikasikia mtu anamshukuru Mungu kwa mkasi. Nikasema moyoni, Mama Chiriku huyu, leo kapatwa na nini?" Akataka kucheka, mbavu zikamkataza.

Kisha nikauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na mguu huu, mama? Kuangukiwa na ukuta? Hilo nalo unamshukuru?"

"Mguu simshukuru," akasema bila kufikiri. "Mguu namlalamikia, tena sana. Unauma. Namshukuru kwa kuwa ulipiga kelele."

Jioni Bwana Kesho kaja, kavaa shati safi, kofia kaishika mikononi. Alisimama mbali na kitanda. "Shikamoo, mama. Nimechelewa nayo."

"Marahaba, baba," akasema mama. "Imefika."

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Tangu ukuta uanguke tunalala kwa wifi yangu, hakuna ukuta karibu, hata hivyo naamka kutafuta karatasi ya kutazama. Chiriku ananiuliza kama nyumba zote huanguka. Nikamwambia hapana. Akauliza najuaje. Nikasema mh, kisha nikajirudi, nikamwambia kweli: sijui, mwanangu, naogopa kama wewe. Akasogea karibu.

Jumanne, 6 Mei

Mtaro umechimbwa. Bwana Kesho kauchimba mwenyewe, kibanda chake kimefungwa tangu wiki ile. Muashi kasema maji sasa yanakwenda pembeni na upande tuliobakiwa nao uko salama, tunaweza kurudi. Kwa nini ulingoja, nilitaka kumuuliza jirani. Nilipomwona viganja vyake vimefungwa vitambaa nikampa maji ya kunywa. Bado nina hasira naye, tena nampenda, na sijui niviweke wapi viwili hivyo.

Alhamisi, 15 Mei

Mama karudi nyumbani. Kabebwa mpaka sebuleni, mguu umo kwenye plasta. Katazama dari. Katazama cherehani. Kisha kanitazama mimi, kafumba mdomo, anangoja ruhusa.

"Sema, mama," nikamwambia. "Sema kwa sauti."

Alisema. Tuliitikia sote, mume wangu, Chiriku, na mimi. Kwangu itikio hilo lilikuwa la kwanza tangu niolewe kwenye nyumba hii.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imekata. Siku nzima anga kavu. Muashi anapanga mawe ya ukuta mpya, ameacha matundu ya kutolea maji, na Bwana Kesho anamchanganyia saruji bila kuambiwa.

Mume wangu anasema sasa daftari nilifunge, hofu zimekwisha. Zingekwisha ningelifunga. Wapi! Mama analala mchana karibu na cherehani, na mkoromo ukikatika mguu wangu unaacha kukanyaga. Naogopa kuinuka kumtazama. Kwa hiyo nashukuru, kwa sauti, kwa chochote kilicho karibu, ili nisikie kama ataitikia. Wiki iliyopita nilimwambia mama ukweli, kwamba sijui kama ninachofanya ni shukrani au ni woga. Akasema, "Wewe sema tu, mwanangu. Yeye atachambua mwenyewe."

Leo kimya kilikuwa kirefu. Chiriku alikuwa shuleni, muashi kapumzika, hata nzi hakuwepo. Nilikuwa na uzi mkononi na macho yamechoka, nikauelekeza kwenye tundu la sindano, ukapita mara ya kwanza.

"Mungu ashukuriwe," nikasema.

Nikangoja, sindano iko hewani, pumzi nimeibana.

"Leo na siku zote," akasema mama, macho yamefumba, na mkoromo ukaendelea pale ulipoishia.

Nikavuta uzi, nikaanza kushona.